Hanang: masikio na macho yanavyoweza kuokoa familia

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikapiga Gendabi, Jorodom na Katesh. Zaidi ya watu 80 walifariki.

Usiku wa mvua macho hayaoni mbali, masikio ndiyo mlinzi wa nyumba. Mkisikia muungurumo usiokatika au mawe yakigongana korongoni, msisubiri kuona. Kimbilieni pembeni, sehemu iliyoinuka, mbali na korongo.

Mchana tazameni: maji ya mto yamegeuka tope ghafla? Ardhi ina nyufa mpya? Miti imeanza kuinama? Ondokeni.

Na bibi asiyesikia vizuri? Babu asiyeona? Pangeni leo nani atamwamsha bibi, nani atamshika babu mkono.