CHUMVI, MAGADI NA UGONJWA WA ROVU

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia kuu ya Arusha hupita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bisil, kisha huuona mlima wa Ol Doinyo Orok umesimama mbele yake, na chini yake ndipo ulipo mji wa Namanga. Mji huo umekaa juu ya mpaka. Sehemu yake iko Kenya na sehemu iko Tanzania, na jina ni lile lile pande zote mbili. Katika maduka ya huko, kama katika maduka mengi ya nchi ya Wamasai, mnunuzi aweza kukuta chumvi nyeupe ya pakiti, chumvi ya ng'ombe na magadi. Bei zake si sawa, na mama mwenye watoto wengi na fedha chache aweza kudhani kwamba tofauti ni ya bei tu. Sivyo. Katika vitu hivyo vitatu, ni chumvi ya pakiti peke yake ambayo sheria yaamuru itiwe madini ya iodini kwa ajili ya chakula cha watu, na madini hayo ndiyo kinga ya ugonjwa wa rovu.

Rovu ni uvimbe utokeao mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Mahali hapo pana tezi ndogo yenye umbo kama la kipepeo, ambayo kazi yake ni kutengeneza maji maalumu yaingiayo katika damu na kuuamuru mwili jinsi ya kutumia chakula, kutunza joto na kukua. Tezi hiyo haiwezi kufanya kazi yake pasipo iodini. Ikikosa madini hayo hujitahidi kwa kukua, kama mtu aongezaye vibarua shambani ilhali hakuna mbegu za kupanda. Ndipo shingo huvimba.

Watu wa Tanzania wameyapa madini haya jina la madini joto. Jina hilo limeenea sana, ingawa huwababaisha wengine, maana mtu akishika chumvi hiyo hasikii joto lolote. Katika makala haya tutasema iodini.

Mwili huhitaji kiasi kidogo mno. Mtu mzima yamtosha maikrogramu 150 kwa siku, na mwanamke mwenye mimba maikrogramu 250. Iodini yote ambayo mtu atahitaji tangu kuzaliwa hadi kufa kwake katika uzee haijazi kijiko kimoja cha chai. Lakini kijiko hicho hakiwezi kumezwa mara moja na kuwekwa akiba. Sharti kipatikane kidogo kidogo, siku kwa siku.

Mbona basi watu huikosa? Iodini hupatikana kwa wingi baharini, na nchi kavu ina kidogo. Katika milima, mvua za miaka maelfu zimeiosha kutoka udongoni na kuipeleka mitoni. Udongo ukikosa, majani hukosa; majani yakikosa, ng'ombe hukosa, na maziwa yake hali kadhalika. Katika milima ya Ukinga, kusini mwa Tanzania, uchunguzi wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba wengi wa wakazi walikuwa na rovu, hata uvimbe ule ukaonekana kuwa jambo la kawaida la mwili.

Uvimbe wa shingo, hata hivyo, si ubaya mkubwa wa upungufu huu. Ubaya mkubwa hauonekani kwa macho. Mtoto aliye tumboni hutegemea iodini ya mama yake ili ubongo wake ujengeke, na kazi hiyo huanza katika miezi ya kwanza ya mimba, pengine kabla mama mwenyewe hajajua kwamba ana mimba. Iodini ikipungua sana wakati huo, mtoto aweza kuzaliwa bubu na kiziwi, au akadumaa mwili na akili. Ikipungua kidogo tu, atazaliwa akionekana mzima, naye atakuwa mzito wa kufahamu masomo, na wazazi watamlaumu kwa uvivu. Hakuna dawa iwezayo kurudisha kilichopotea wakati huo. Ndiyo sababu ya kusema kwamba chumvi ya jikoni ni jambo la msichana aliyeolewa jana, wala si la bibi kizee mwenye rovu peke yake.

Serikali ya Kenya iliamuru mwaka 1978 kwamba chumvi ya mezani itiwe iodini, na Tanzania ikafuata kwa sheria yake katika miaka ya 1990. Kwa hiyo mkazi wa Namanga aweza kununua pakiti upande wowote wa mpaka, mradi imeandikwa kwamba ina iodini. Hesabu yake ni rahisi. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini katika kila kilo humpa mtu maikrogramu 150 katika gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kwa ajili ya maradhi ya shinikizo la damu. Msomaji ataona basi kwamba hana haja ya kula chumvi nyingi ili apate iodini. Ana haja ya kula chumvi iliyo sahihi.

Sasa tuseme juu ya magadi. Ziwa Magadi limo katika Kajiado yenyewe, na kampuni ya kuchimba magadi ilianza huko mwaka 1911. Wapishi hupenda kutia magadi katika maharage na mahindi ili yaive upesi. Lakini magadi si chumvi ya mezani, wala hayatiwi iodini. Zaidi ya hayo, yana floraidi nyingi, ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia isiyotoka kwa kupigwa mswaki. Nyumba itumiayo magadi badala ya chumvi imekosa mara mbili. Chumvi ya ng'ombe nayo imepimwa kwa ajili ya ng'ombe. Haifai kuletwa jikoni, hata ikiwa nafuu.

Wako watu wasemao kwamba chumvi ya bahari ina iodini ya asili, kwa hiyo ile ikaushwayo kwa jua huko pwani yatosha kama ilivyo. Jambo hili si kweli. Maji ya bahari yakikauka, iodini ibakiayo katika chumvi ni kidogo sana. Chumvi ya Gongoni na Ngomeni, karibu na Malindi, nayo sharti itiwe iodini kama nyingine yoyote. Samaki wa baharini ndiye mwenye iodini nzuri. Mayai na maziwa yanayo pia, kwa kadiri ya malisho ya mnyama.

Chumvi hii yataka kutunzwa. Ikiachwa wazi karibu na moto, juani, au mahali penye unyevu, iodini yake hupungua. Iwekwe katika chombo chenye kifuniko, na itiwe chunguni mwishoni, chakula kikiwa karibu kuiva.

Kuhusu vyakula vilaumiwavyo kwa kuleta rovu, maneno yamekuwa mengi kupita kiasi. Kabeji na sukuma wiki zilizopikwa hazimdhuru mtu apataye iodini ya kutosha, na mama asiwanyime watoto mboga kwa hofu hiyo. Muhogo ni jambo jingine. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu huko Kongo, wachunguzi wa miaka ya 1960 waliona kwamba iodini ilikuwa haba kisiwani kote, lakini rovu lilizidi upande mmoja. Baadaye wataalamu waliona kwamba muhogo usiotengenezwa vema una sumu ambayo, ikiisha kugeuzwa na mwili, huizuia tezi isiipokee iodini. Muhogo ulowekwe na kukaushwa vizuri kabla ya kusagwa.

Siku hizi pia huuzwa vidonge vya madini vya namna nyingi, vya iodini, vya mwani na vya seleni, na wauzaji huahidi kwamba vitaponya tezi. Hapo twaomba msomaji asimame kidogo. Seleni ni madini ambayo tezi huyahitaji kweli. Lakini kaskazini mwa Kongo, mahali palipopungukiwa na seleni na iodini pia, waganga walipowapa wagonjwa seleni peke yake, kazi ya tezi zao ilizidi kudhoofika. Habari hiyo ilitangazwa na wachunguzi wenyewe mwaka 1991, ili wengine wajihadhari. Iodini nayo ikizidi ina madhara yake. Katika miaka ya 1990, chumvi yenye iodini ilipofika Kivu na Zimbabwe, baadhi ya watu wazima waliokuwa na rovu la miaka mingi walipata ugonjwa wa tezi kufanya kazi kupita kiasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, na mwili kukonda ingawa mtu anakula. Hiyo haikuwa sababu ya kuiacha chumvi, kwani waliookolewa ni wengi mno kuliko waliodhurika. Ni sababu ya mwenye rovu la zamani kupimwa na daktari, asijitibu kwa vidonge vya dukani. Hali kadhalika mtu ahisiye uchovu usiokwisha, baridi isiyo ya majira na ngozi kukauka, aende hospitali apimwe damu.

Aliyekwisha kupewa na daktari dawa ya thairoksini aimeze asubuhi kwa maji matupu, kabla ya kula. Asiimeze kwa maziwa wala chai ya maziwa, desturi ambayo ni ngumu kuiacha katika nchi ya wafugaji, kwa maana chokaa iliyomo katika maziwa huizuia dawa isiingie mwilini. Vidonge vya kuongeza damu wapewavyo wenye mimba katika kliniki vina chuma, nacho huizuia vile vile. Vimezwe saa nne baada ya thairoksini, au zaidi.

Wafugaji wa Namanga watatambua dalili moja ambayo wengine hawaijui. Mbuzi jike akikosa iodini, huweza kuzaa mtoto asiye na manyoya au mwenye manyoya machache, na koo lake limevimba. Mwenye kuona hayo zizini amwarifu Bwana Mifugo, ili mifugo ipewe chumvi ya kulamba yenye iodini. Na aitazame pia pakiti iliyo jikoni kwake, kwa kuwa mbuzi wale na watoto wa nyumba ile wanakula vitokavyo katika udongo mmoja.