Homa ya ndege: Kuku wakifa ghafla, toa taarifa, usiwauze

Habari za homa ya ndege husafiri haraka kuliko ugonjwa wenyewe. Video moja ikisambaa asubuhi kwenye vikundi vya WhatsApp, kufikia jioni mama anayeuza kuku wa kienyeji sokoni ameshaulizwa mara kumi kama kuku wake wana "ile homa". Wateja wengine hupita mbali na tenga lake. Nyumbani, wazazi wanaulizana: Je, hii ndiyo Korona nyingine? Tuache kula kuku? Na mayai je?

Maswali haya yana msingi. Wanasayansi duniani kote wanavifuatilia virusi vya homa ya ndege kwa karibu kwa sababu vinaweza kubadilika. Hata hivyo, kwa mkazi wa Kilifi, hatari kubwa haiko kwenye sahani ya kuku aliyeiva. Iko kwa kuku aliyekufa ghafla, kisha akafichwa, akatupwa kichakani au akauzwa harakaharaka kabla mtu yeyote hajajua kilichomuua.

Ni ugonjwa wa ndege kwanza

Homa ya ndege husababishwa na virusi vya mafua vinavyoishi hasa ndani ya ndege. Aina ni nyingi, na nyingine hazimdhuru sana kuku. Aina inayozungumziwa zaidi, H5N1, inaweza kuua kuku karibu wote wa boma moja kwa siku chache. Ilitambuliwa mwaka wa 1996 kwa bata bukini katika mkoa wa Guangdong, China. Mwaka uliofuata iliwapata watu 18 mjini Hong Kong, na 6 kati yao wakafariki. Serikali ya huko iliwachinja kuku wapatao milioni 1.5 kwa siku chache, na maambukizi kwa watu yakakoma kwa wakati huo.

Barani Afrika, H5N1 iliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Nigeria mwezi Februari 2006. Mwaka huohuo ilifika Misri, Sudan na Djibouti. Januari 2017, aina nyingine iitwayo H5N8 ilithibitishwa nchini Uganda, karibu na Ziwa Victoria, na Kenya ikapiga marufuku kuku na bidhaa za kuku kutoka huko. Kufikia mwishoni mwa 2024, Kenya haikuwa imetangaza mlipuko wa H5N1 kwa kuku. Majirani wameguswa, ndiyo maana tahadhari inahitajika mapema.

Kwa nini dunia ina wasiwasi

Tangu 2003, Shirika la Afya Duniani limeorodhesha zaidi ya watu 900 walioambukizwa H5N1 katika zaidi ya nchi 20. Karibu nusu yao walifariki. Idadi hiyo inatisha, lakini inahitaji kusomwa kwa makini: wengi wanaohesabiwa ni wale waliofika hospitalini wakiwa wagonjwa sana. Aliyepata mafua mepesi na kupona nyumbani huenda hakupimwa kabisa.

Jambo la pili ni kwamba karibu wote hao waliambukizwa na ndege, si na binadamu wenzao. Sababu yake inaweza kuelezwa kwa mfano wa kufuli na ufunguo. Kirusi huingia mwilini kwa kufungua "kufuli" zilizo kwenye seli. Ufunguo wa homa ya ndege umechongwa kwa kufuli za ndege. Kwa binadamu, kufuli za namna hiyo ziko zaidi ndani kabisa ya mapafu, si puani na kooni. Kwa hivyo si rahisi mtu kuambukizwa, na akiambukizwa si rahisi kumwambukiza mwingine kwa kukohoa. Lakini ugonjwa ukishafika mapafuni unaweza kuwa mkali sana.

Wasiwasi ni kwamba ufunguo huo unaweza kubadilika. Virusi vya mafua hubadilika kila vinapozaana. Tena, mtu au nguruwe akipata mafua ya binadamu na ya ndege kwa wakati mmoja, virusi hivyo viwili vinaweza kuchanganyika na kuzaa kirusi kipya. Mafua yaliyozunguka dunia mwaka wa 2009 yalitokana na mchanganyiko kama huo ndani ya nguruwe. Mafua ya 1918, yanayokadiriwa kuua watu kati ya milioni 20 na milioni 50, yalitokana na virusi vyenye asili ya ndege.

Mwezi Machi 2024, H5N1 iligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani. Wafanyakazi kadhaa wa mashamba ya ng'ombe na kuku waliambukizwa, wengi wakipata macho mekundu na mafua mepesi. Januari 2025 nchi hiyo ilitangaza kifo chake cha kwanza cha binadamu, katika jimbo la Louisiana. Aliyefariki alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 65, alikuwa na matatizo mengine ya kiafya na alifuga ndege nyumbani. Hakukuwa na dalili kwamba ugonjwa ulikuwa ukipita kutoka mtu hadi mtu.

Kwa hivyo, je, homa ya ndege inaweza kuwa janga la dunia? Inaweza, lakini bado haijapata uwezo wa kuenea kwa urahisi kati ya watu. Kila kuku mgonjwa anayeshikwa kwa mikono mitupu huvipa virusi hivi nafasi nyingine ya kujaribu. Kupunguza nafasi hizo ni kazi inayoanzia bomani.

Kilifi inahusika vipi?

Kila mwaka, kuanzia Septemba au Oktoba hadi karibu Aprili, maelfu ya ndege kutoka Ulaya na Asia huja kukaa kwenye ufuo wetu. Hori la Mida na mdomo wa Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana sana kwa ndege hao wa majini. Ndege wa porini wanaweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili. Si sababu ya kuwaua wala kuwafukuza. Kuwatawanya kunaweza kuueneza ugonjwa zaidi. Linalotakiwa ni kuwatenga kuku na bata wa nyumbani na ndege hao, na kutowanywesha maji ya mabwawa ambako ndege wa porini hutua.

Njia nyingine ni biashara. Kuku hai husafirishwa kwa matatu, pikipiki na malori kutoka kijiji hadi soko, wakichanganywa tenga moja na kuku wa maboma mengine. Kuku mmoja mgonjwa aliyeuzwa asubuhi anaweza kuwa ameacha virusi kwenye soko zima kufikia saa sita mchana.

Hasara ya hofu

Wafugaji wa siku nyingi wanaikumbuka hofu ya mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006. Habari za homa ya ndege zilipofika nchini, wanunuzi waliacha kuku, bei zikashuka, na wafugaji wakauza kwa hasara au wakaacha kuagiza vifaranga. Hakuna kuku hata mmoja wa Kenya aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa huo wakati ule. Familia zilizotegemea kuku kulipa karo na kununua unga ziliumizwa na uvumi pekee.

Hofu hiyohiyo ina upande wa pili. Mfugaji anayeona kuku wake wanakufa hujiuliza: Nikisema, si watakuja kuwachinja wote waliobaki? Majirani watanionaje? Ndipo huamua kuwauza walio hai kabla hali haijawa mbaya. Uamuzi huo unaeleweka, lakini ndio unaoweza kugeuza tatizo la boma moja kuwa tatizo la kaunti nzima.

Ukweli ni kwamba kutoa taarifa hakumaanishi kuku kuchinjwa siku hiyo. Afisa wa mifugo kwanza huangalia kuku na kuchukua sampuli, ambazo huweza kupimwa katika maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo kama ile ya Mariakani, au kupelekwa Kabete. Kuchinjwa kwa kuku huja pale tu homa ya ndege kali inaposhukiwa kwa uzito au kuthibitishwa.

Kideri au homa ya ndege?

Kwa kawaida, kuku wa kienyeji wanapokufa kwa wingi, mshukiwa wa kwanza ni kideri. Dalili zake hufanana sana na za homa ya ndege: vifo vya ghafla, kuhara, kupumua kwa shida, kuvimba kichwa, na mayai kupungua au kuwa na ganda laini. Katika homa ya ndege, kilemba kichwani na ngozi inayoning'inia kidevuni huweza kuwa na rangi ya zambarau. Hata hivyo, daktari mwenye uzoefu hawezi kuyatofautisha kwa macho tu. Maabara pekee ndiyo hutoa jibu.

Hapa ndipo taarifa humfaidi mfugaji mwenyewe. Ikigunduliwa ni kideri, kuku wazima wa majirani wanaweza kuchanjwa kabla ugonjwa haujawafikia. Chanjo hiyo hutolewa kwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi 3 hivi. Haimponyi kuku aliyekwisha kuugua, na haikingi homa ya ndege, lakini huondoa chanzo kikubwa cha vifo kijijini. Vifo vikiendelea kwa kuku waliochanjwa, hiyo ni ishara ya kuchunguza zaidi.

Kuku wakifa ghafla, fanya hivi

1. Usiwashike kwa mikono mitupu, na wazuie watoto kuwagusa au kuwachezea.

2. Mjulishe afisa wa mifugo wa wadi yako. Usipompata, mwambie chifu au mhamasishaji wa afya ya jamii. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo inamtaka mwenye mifugo kutoa taarifa.

3. Usiuze, usichinje, usile wala kumgawia jirani kuku kutoka boma hilo. Wafungie waliobaki.

4. Usitupe mizoga kichakani, mtoni au baharini, na usiwape mbwa au paka. Paka wanaweza kuambukizwa na kufa. Subiri maelekezo ya afisa kuhusu kuichoma au kuizika kwenye shimo refu.

5. Ukilazimika kushika mzoga, vaa mifuko ya plastiki mikononi na uzibe pua na mdomo. Kisha nawa kwa sabuni na ufue nguo. Sabuni huviua virusi hivi.

6. Ukiona ndege wengi wa porini wamekufa ufuoni au kandokando ya maji, usiwaokote. Toa taarifa.

Kwa siku za kawaida, kuku wapya kutoka sokoni watengwe kwa wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wengine. Bata wasilale na kuku, kwa kuwa bata anaweza kubeba virusi bila kuugua. Matenga yaoshwe kwa sabuni baada ya kila safari ya soko.

Je, tuendelee kula kuku na mayai?

Ndiyo, mradi kuku alikuwa mzima na ameiva vizuri. Virusi hivi hufa nyama inapofikia joto la nyuzi 70 kila mahali, hadi mfupani. Nyama isiwe na sehemu nyekundu, na kiini cha yai kishikane. Maziwa yachemshwe. Hatari kubwa zaidi jikoni iko wakati wa kuchinja na kunyonyoa, si wakati wa kula. Kisu na ubao vioshwe kabla ya kukatia kachumbari.

Ukipata homa baada ya kushika kuku wagonjwa

Ndani ya siku 10 baada ya kushika kuku wagonjwa au waliokufa, ukipata homa, kikohozi, macho mekundu au shida ya kupumua, nenda kituo cha afya mara moja. Mwambie mhudumu kuhusu kuku hao, hata kama hakukuuliza. Bila habari hiyo, ugonjwa unaweza kudhaniwa kuwa malaria au mafua ya kawaida. Dawa za kupambana na virusi vya mafua zipo, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya siku 2 za kwanza. Wizara ya Afya pia inapatikana kwa simu ya bure 719.

Chini ya Katiba ya 2010, kudhibiti magonjwa ya mifugo ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Lakini maafisa hawawezi kuwa kwenye kila boma alfajiri mlango wa kibanda unapofunguliwa. Anayeona kwanza ni mfugaji. Akinyamaza, kila mtu atajua akiwa amechelewa. Akisema mapema, kuku wa kijiji wanaweza kuokolewa, na mama sokoni ataendelea kuuza bila kuulizwa maswali.