AKIPIGWA NYUMBANI, AENDE WAPI?



Katika vikundi vingi swali hili huja likiwa limejificha. Mama mweka hazina amekosa mikutano miwili. Akija wa tatu, amejifunga leso mpaka karibu na macho, anasema aliteleza akichota maji. Wenzake wanajua, lakini hawasemi. Pesa za meri-go-raundi zikishagawanywa, mmoja anabaki nyuma na kuuliza polepole: "Mtu kama huyu serikali inaweza kumsaidia, ama ni maneno ya redio tu?"

Msaada upo, lakini haumfuati mtu nyumbani kwake. Ofisi moja inataka karatasi ya ofisi nyingine. Anayejua mpango wa karatasi hizo hupata. Asiyejua huzungushwa mpaka anachoka, kisha anarudi kwa yule yule anayempiga. Kwa hivyo tunaeleza njia yenyewe, hatua kwa hatua, ili kikundi kiijue kabla ya siku ya shida.

Je, tatizo hili ni la watu wachache?

Hapana. Uchunguzi wa serikali kuhusu hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Katika kikundi cha akina mama 30, hao ni kama 10. Hata wanaume ni 27 katika kila 100. Si wote walioumizwa na wenzi wao, lakini kwa wanawake walioolewa, anayetajwa zaidi ni mume.

Sheria inasema nini?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inasema mtu ana haki ya kutotendewa ukatili wa aina yoyote, uwe unatoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Kwa hivyo mlango wa nyumba haufungii sheria nje.

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani. Sheria hii haizungumzi juu ya kipigo peke yake. Inataja pia matusi na vitisho, kumfuata-fuata mtu, kuharibu mali yake, kumfungia nje ya nyumba, kumnyima pesa za matumizi, ukatili wa kingono ndani ya ndoa, kuoza watoto, kukeketa, kurithi mjane kwa nguvu, na hata wakwe kuingilia na kusumbua. Inamlinda mke na mume, waliowahi kuoana, wachumba, watu waliozaa pamoja, jamaa, na wanaoishi nyumba moja. Mzee anayepigwa na mwanawe kwa ajili ya shamba naye yumo.

Hatua ya kwanza: usalama

Kama hatari iko karibu, mtu asingoje asubuhi. Aende kwa jirani, kwa chifu au kituo cha polisi, na watoto wake. Kuna simu ya bure ya kusaidia walioumizwa, nambari 1195, inapokewa usiku na mchana. Kwa mambo ya watoto ni 116, nayo ni bure. Polisi ni 999 au 112.

Nyumba salama za kuficha mtu kwa muda ni chache, na nyingi zinaendeshwa na makanisa na mashirika. Ni vizuri kuuliza mapema iliyo karibu ni ipi. Mahali pake pasitangazwe ovyo.

Hatua ya pili: hospitali

Afya kwanza, halafu ushahidi. Mtu aende akiwa bado na alama mwilini, na amwambie daktari ukweli kwamba alipigwa na nani. Akisema alianguka, ndivyo itakavyoandikwa, na karatasi hiyo itamrudia mahakamani.

Kama amebakwa, saa ni muhimu sana. Dawa ya kuzuia ukimwi ni lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na ikianzwa mapema zaidi ni bora. Asioge wala asifue nguo kwanza. Nguo ziwekwe ndani ya bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa maana plastiki huozesha ushahidi. Hospitali ya serikali inatakiwa kumtibu aliyebakwa bila malipo na kujaza fomu ya PRC.

Hatua ya tatu: polisi

Akifika kituoni, habari yake iandikwe katika kitabu cha matukio, yaani OB. Asiondoke bila nambari ya OB. Aiandike hata kiganjani. Atapewa fomu ya P3 ambayo daktari atajaza. Fomu hiyo haiuzwi.

Sheria ya 2015 inampa polisi kazi zaidi ya kuandika. Anapaswa kumweleza aliyeumizwa misaada iliyopo, kama matibabu na mahali pa kukaa. Mama akitaka kuandikisha maneno yake kwa afisa wa kike, ana haki ya kuomba hivyo. Vituo vingi vina dawati la jinsia kwa kazi hii. Na kama aliyeumizwa anaogopa, jirani mwenye sababu ya kuamini kwamba mtu anateswa anaweza kupeleka habari. Huko si kuingilia ndoa ya watu.

Hatua ya nne: amri ya ulinzi

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu wanaogopa jambo ambalo silo. Mama anajiuliza: "Nikienda kortini, si ndoa imekwisha? Bwana akifungwa, watoto watakula nini?"

Amri ya ulinzi si talaka, na si kifungo. Ni karatasi ya mahakama inayomwambia mtu: usimpige huyu, usimtishe, usimfuate, usiharibu mali yake. Mahakama inaweza pia kuagiza kwamba aliyeumizwa abaki katika nyumba na mwenzake asiingie, au kwamba silaha zichukuliwe. Watoto wa nyumba hiyo nao wanalindwa. Jela inakuja pale mtu anapovunja amri yenyewe akijua: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili.

Ombi linapelekwa kwa mahakama ya hakimu. Hakimu akiona hatari ni kubwa anaweza kutoa amri ya muda kabla ya kumsikiza yule mwingine, halafu amwite baadaye ajitetee. Na aliyeumizwa akishindwa kwenda mwenyewe kwa hofu au kwa ulemavu, anaweza kuwakilishwa. Kwa msaada wa sheria, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016, na pia mawakili wanawake wa FIDA.

Na pesa je?

Tuseme ukweli. Hakuna malipo ya kila mwezi ya serikali ambayo mtu hupewa kwa sababu tu amepigwa. Lakini kuna njia tatu ambazo watu huzisahau.

1. Fidia. Chini ya sheria ya 2015, mahakama inaweza kumwagiza aliyetenda ukatili alipe gharama za matibabu, mapato yaliyopotea na mali iliyoharibika. Risiti zote zitunzwe, hata ya pikipiki iliyompeleka hospitali.

2. Matunzo ya watoto. Katiba na Sheria ya Watoto ya 2022 zinasema baba na mama wote wana wajibu wa kulea, wawe wameoana au la. Mama aliyekimbia na watoto aende kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Baba hawezi kusema, "Walitoka kwangu, wale huko walikoenda."

3. Inua Jamii. Huu ni mpango wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, nyumba zinazolea mayatima, na wenye ulemavu mkubwa. Kama katika nyumba hiyo kuna mmoja wa hao, uandikishaji huulizwa kwa naibu wa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii. Na ikiwa anayepokea kwa niaba ya mtoto au mzee ni yule yule mkatili, ofisi hiyo iambiwe, iombwe kubadilisha mlezi. Pesa hizo ni za mtoto au mzee, si za anayezichukua.

Wazee wa kijiji wana nafasi gani?

Wazee wanaweza kusuluhisha ugomvi wa maneno, kuonya, na kulinda mtu usiku huo. Lakini mkataba wa wazee hauna nguvu ya amri ya mahakama. Mtu akiuvunja, polisi hawana karatasi ya kumshika nayo. Na kubaka au kunajisi mtoto hakumalizwi kwa mbuzi na soda. Wengine watasema mke mwema huvumilia. Kuvumilia ukame ni jambo moja. Kuvumilia panga ni jambo lingine.

Kikundi kifanye nini?

Kichague watu wawili wasiotoboa siri, wa kumsindikiza mtu hospitali, polisi na kortini. Kitenge pesa kidogo za nauli ya dharura, zisizohitaji kikao kuzitoa. Mwenye shida aweke kwa mwenzake anayemwamini nakala ya kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi za kliniki, kwa maana karatasi ndizo huchomwa kwanza. Na kikundi kisimlazimishe kuondoka wala kurudi. Uamuzi ni wake, na wakati wa kuondoka ndio mara nyingi wa hatari kubwa. Asindikizwe.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kutoka kijiji chetu, hospitali, dawati la jinsia na mahakama ya karibu ziko wapi, na nauli ni ngapi?
2. Mwanachama wetu akija usiku na watoto, atafungua mlango nani?
3. Ni maneno gani tunayosema hapa kijijini yanayomfanya aliyepigwa anyamaze?