Jino la Kwanza, Mswaki wa Kwanza

Wazazi wanaolea mtoto wao wa kwanza huuliza mara nyingi mtoto aanze kupigwa mswaki lini. Aanze pale jino la kwanza linapochomoza, kwa kawaida karibu na mwezi wa 6. Wapo wasioona haja, kwa kuwa meno ya utotoni yatang’oka tu. Ni kweli, lakini magego ya utotoni hukaa kinywani hadi miaka 10 au 12. Yakioza mapema, mtoto huumwa, hukataa chakula na hukosa usingizi. Yakiondolewa, meno jirani huegemea pengo na kulizibia njia jino la ukubwani.

Mtoto husafishwa meno asubuhi na usiku, na wa usiku ndio usiokosekana. Mtu anapolala mate hupungua, nayo ndiyo hupunguza makali ya asidi inayotengenezwa na bakteria kutokana na sukari. Basi baada ya mswaki asipewe tena uji wala maziwa yenye sukari, na asilale na chupa mdomoni.

Mazoea hujengeka yakiambatanishwa na jambo ambalo tayari hufanyika kila siku, kama vile kuoga jioni. Mlaze mtoto kichwa kikiwa mapajani pako, inua mdomo wa juu kwa kidole, kisha sugua taratibu kuanzia kwenye fizi. Mpe mswaki wa pili aushike mwenyewe. Siku za mwanzo huenda akalia. Usimkaripie, wala usiahirishe. (Kilio, kwa bahati njema, hufungua kinywa.) Kumwachia mtoto wa miaka 4 ajisafishe peke yake ni mapema mno: mkono wake haujapata ustadi huo hadi miaka 7 au 8.

Dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele hadi miaka 3, kisha punje ya njegere. Kipimo hiki kizingatiwe zaidi Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ambako maji ya baadhi ya maeneo yana floraidi nyingi.

Kwa mhudumu wa kliniki: mtoto anapoletwa kwa chanjo ya surua akiwa na miezi 9, inua mdomo wake wa juu mbele ya mzazi. Mistari myeupe kama chaki kando ya fizi ni dalili ya mwanzo ya kuoza. Tundu halijatokea bado, na kwa mswaki wa kila siku na kupunguza sukari uharibifu huo waweza kusimamishwa.