Eternit ya zamani juu ya darasa: tusiivunje hovyo

Shule zetu kadhaa zilizojengwa wakati wa Wabelgiji bado zina paa la eternit. Mara nyingi ndani yake mna amianti. Ikiwa nzima na imara, hatari ni ndogo. Ikivunjwa, ikikatwa au ikitobolewa, hutoa vumbi lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo hukaa katika mapafu, na laweza kuleta kansa hata baada ya miaka 20 hadi 40. Mtoto wa leo anaweza kuugua akiwa mzazi.

Komite ya wazazi ikitaka kubadili paa, tudai haya: kazi ifanywe wakati wa likizo, na mafundi wanaojua amianti, eternit ilowanishwe maji, ishushwe nzima, ifungwe katika plastiki nene, izikwe mbali na visima. Vumbi lisifagiliwe likiwa kavu. Vipande tusivibebe nyumbani, hata kwa kufunika banda la kuku.