Modeli ndogo, umeme kidogo: Kilugbara hupoteza nini?

Gridi ya taifa ya Uganda ilifika West Nile mwaka 2024. Kabla ya hapo kanda hiyo ilitegemea jenereta za mafuta na kituo kidogo cha kufua umeme kwa maji cha Nyagak, wilayani Zombo, kilichoanza kazi mwaka 2012 kikiwa na uwezo wa megawati 3.5.

Kiasi hicho chafaa kuwa kipimo cha gharama ya akili mnemba. Kampuni ya Meta ya Marekani ilitumia zaidi ya chipu 16,000 za aina ya H100 kuifunza modeli yake kubwa ya Llama 3.1. Chipu moja huweza kuvuta wati 700. Chipu 5,000 tu zingeumaliza umeme wote wa Nyagak, bila kuhesabu mitambo ya kuzipoza.

Kufunza hufanyika mara chache, ila matumizi ni ya kila siku. Modeli ni mkusanyiko wa namba, na kila neno linapotungwa namba hizo husomwa upya kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Usomaji huo ndio unaokula umeme mwingi.

Shirika la Sunbird AI la Uganda lilitoa mwaka 2025 modeli iitwayo Sunflower kwa ajili ya lugha 31 za nchini, Kilugbara cha Arua kikiwamo. Toleo lake dogo lina namba zipatazo bilioni 14. Kila namba ikiandikwa kwa biti 16, zahitajika takriban gigabaiti 28. Kwa biti 4, gigabaiti 7 tu, mzigo ambao hata kompyuta moja ya ofisini yenye kadi nzuri ya michoro yaweza kuubeba.

Namba zilizofupishwa hivyo hupoteza usahihi, na hasara haigawanywi sawa. Mwaka 2020 Sara Hooker na wenzake walionyesha kwamba modeli za picha zilizopunguzwa zilibaki na wastani uleule, au karibu nao, huku makosa yakiongezeka kwa makundi yenye mifano michache. Katika lugha, wenye mifano michache ni Kilugbara, na Kikakwa cha Koboko. Kwa hiyo anayetuletea modeli nyepesi aulizwe alama za kila lugha, kabla na baada ya kupunguzwa. Wastani hautoshi.

Udogo, hata hivyo, si lazima uwe udhaifu, kazi ikiwa moja. Programu ya Nuru hutambua magonjwa ya muhogo ndani ya simu, bila intaneti. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ilipata usahihi wa asilimia 65, ilhali maofisa ugani walipata 40 hadi 58. Ilipopewa majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, usahihi wake ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88, kwa simu ileile.