Kyela: Andiko la mradi halitoshi bila mlezi

Kikundi cha vijana kikitaka mkopo wa halmashauri hudaiwa andiko la mradi. Kinachofuata wengi wetu tunakijua. Wanakwenda kwa mwenye kompyuta, anafungua faili la kikundi kilichotangulia, anabadilisha majina, anachapa. Mradi wa kuku wa Ipinda unatoka na hesabu za mradi wa kuku wa Tukuyu, hadi bei ya pumba.

Fedha zenyewe zipo kisheria. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na hawa vijana juu ya daftari msimu mzima, aliyewahi kupata hasara na kupata faida katika kazi hiyohiyo.

Tuchukue kakao, ambayo Kyela inaongoza kuizalisha nchini. Tuseme vijana wanataka kuvundika na kukausha kakao ya mashamba ya nyumbani kwao badala ya kuiacha iende mbichi kwa walanguzi. Wazo ni zuri. Mlezi anayeijua kazi ataanza na mizani: kilo tatu mbichi hubaki takriban kilo moja ikikauka. Halafu atauliza siku. Kwenye sanduku, chini ya majani ya migomba, kakao hukaa siku tano hadi saba na lazima igeuzwe. Baada ya hapo inaanikwa kwenye vichanja wiki moja au zaidi, na mvua za Aprili na Mei zikikaza uwanda huu wa ziwa, jua la kuanikia ni la kuvizia. Je, bajeti ina turubai? Mzigo ukishafika AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unasubiri mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani ndipo hela iingie. Hizo wiki zote mtakula nini, na nani atalipia magunia? Andiko la kunakili halina swali hata moja kati ya haya.

Bei nayo inataka mtu wa kutuliza vichwa. Mwanzoni mwa 2023 tani ya kakao katika soko la dunia ilikuwa chini ya dola 3,000. Aprili 2024, baada ya mavuno kuharibika Ghana na Ivory Coast, ilipita dola 10,000. Mwaka 2025 ikaporomoka. Aliyekopa kwa kupiga hesabu ya bei ya kileleni alijifunga kitanzi mwenyewe.

Mfano wa ulezi wa kweli tunao wilayani humu. Wakulima wa Mababu wameuza kakao yao moja kwa moja kwa Shawn Askinosie, wakili wa zamani wa Marekani aliyeanzisha kiwanda kidogo cha chokoleti mjini Springfield, Missouri. Huwafungulia wakulima vitabu vya hesabu vya kampuni, wakaona kakao yao imeingiza nini, kisha huwagawia sehemu ya faida. Kwangu mimi hilo la vitabu lina uzito kuliko mgao wenyewe. Mkulima aliyekwisha kuona gharama za mnunuzi wake hadanganyiki kirahisi na mnunuzi mwingine. Kampuni hiyohiyo iliwasaidia wazazi wa Shule ya Sekondari Mwaya kuuza mchele wa Kyela Marekani, faida ikarudi kuwa chakula cha mchana cha wanafunzi.

Wala ulezi si jambo geni kwetu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, jirani na Matema, hufinyanga vyungu na kuvivusha kwa mtumbwi hadi soko la Lyulilo siku ya Jumamosi. Binti hujifunza akiwa amekaa kando ya mama, udongo ukiwa mikononi mwake mwenyewe. Huko hajifunzi ufinyanzi peke yake. Anajua pia vyungu vingapi hupasuka motoni na vingapi njiani, na bei anayotaja sokoni imekwisha kuvibeba vilivyovunjika. Wahitimu wangapi wa semina za ujasiriamali huweka hasara ndani ya bei?

Kijana unayeanza, usitafute mlezi mwenye jina kubwa. Tafuta mwenye mashine ya kukoboa ambaye ameiendesha miaka mingi, au katibu wa AMCOS aliyezeeka na mizani. Mpelekee daftari lako lilivyo, pamoja na kurasa unazozionea aibu. Ukihitaji mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina ofisi Mbeya.

Na kwa Halmashauri ya Wilaya ya Kyela, ombi langu ni hili: kila kikundi kinachopewa mkopo kipewe na mlezi wa msimu mmoja, mfanyabiashara wa hapahapa, alipwe posho yake, na marejesho yasianze kabla mazao hayajauzwa.